Wikendi na klabu ya mbio kwenye mlima Ben Nevis: tuligeuka kabla ya kilele, na bado naipendekeza

Nimerudi Glasgow Jumapili usiku. Mapaja yananiuma kiasi kwamba kushuka ngazi ni shughuli, lakini wengi mmeniuliza kama safari ya milimani ya klabu yetu inastahili pesa yake, kwa hiyo naandika kabla sijasahau. Nililipa pauni 135. Humo mna nafasi kwenye basi dogo la kukodi kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili, chai ya asubuhi mara mbili na chakula cha Jumamosi usiku. Viongozi ni wanachama wenzetu, hawalipwi hata senti. Jibu langu ni ndiyo, inastahili, na sababu kubwa ni uamuzi mmoja uliofanyika Jumamosi saa tano na nusu asubuhi, tukiwa tumebakiza kama mita 250 za kupanda.

Kwanza niseme nilivyokwenda na mawazo yasiyo sahihi. Nimekulia Lushoto, mji uliokaa kwenye kimo kinachokaribia kabisa kilele cha Ben Nevis. Ben Nevis, ulioko Scotland, ni mlima mrefu kuliko yote Uingereza, lakini ni mita 1,345 tu. Sisi kwenye kimo hicho tuna soko, shule na mashamba ya kabichi, na mtoto anakimbia kwenda kuchota maji kabla ya jua kuchomoza. Nikajiambia hiki ni kilima. Kumbe mita hazielezi kitu bila kuuliza uko wapi duniani. Pale ni karibu nyuzi 57 kaskazini ya ikweta, bahari iko karibu, na upepo wa Atlantiki unafika bila kizuizi. Kuanzia 1883 hadi 1904 kulikuwa na kituo cha hali ya hewa juu ya kilele, watu wakiishi humo na kupima mchana na usiku, na wastani wa joto walioupata kwa mwaka uko chini ya sifuri kidogo. Tulikwenda mwanzoni mwa Mei, na theluji ilikuwa bado ipo juu.

Ijumaa usiku, baada ya kufika Glen Nevis, bonde lililo chini ya mlima, kila mtu alimwaga begi lake mezani likakaguliwa: koti la mvua lenye mishono iliyozibwa, suruali ya mvua, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi, mfuko wa kujifunika wakati wa dharura, na chakula zaidi ya unachotarajia kula. Viatu viwe na njumu, maana raba za lami zinateleza kwenye tope lile kama sabuni. Glavu zangu zilikuwa za kukimbilia mjini, nyembamba. Kiongozi alizishika, akanitazama, akasema hizi hazitatosha. Hapa nina lalamiko moja kwa klabu: orodha ya vifaa ilitumwa Jumanne ya wiki ileile. Mtu mgeni na milima anahitaji wiki tatu, si siku tatu, maana vifaa hivi ni ghali na lazima uvijaribu.

Baada ya ukaguzi tukasomewa utabiri wa milimani. Upepo mkali ungeanza saa sita mchana. Kundi la wenye kasi lilipangiwa Ring of Steall, mzunguko wa kilomita 16 hivi unaopita kwenye Munro nne. (Munro ni mlima wa Scotland unaozidi futi 3,000, yaani mita 914. Iko 282, na wapo watu wanaotumia maisha yao yote kuimaliza.) Njia ile ina migongo myembamba ambayo upepo unaweza kumtoa mtu, kwa hiyo wakaifuta palepale na kuchagua njia ya bondeni. Hakuna aliyenuna. Sisi njia yetu ya Ben Nevis ni pana, tukakubaliwa kupanda kwa sharti kwamba tutageuka kiongozi akisema.

Tulianza saa tatu, karibu na usawa wa bahari. Nilidhani tutakimbia. Tulitembea, mikono juu ya magoti, hatua fupi, na baada ya dakika ishirini nikaelewa kwamba hivyo ndivyo wanavyopanda wakimbiaji wa milima, hata walio wazuri. Kila tulipopumzika kiongozi alitupa ramani tumwonyeshe tulipo. Tukapita kile kiziwa kilichoko karibu mita 570, kisha zikaanza kona za mawe, na kwenye kona ya sijui ya ngapi tukaingia ndani ya wingu.

Ukungu naujua, Usambara upo. Ule wa kwetu unakulowesha taratibu. Huu ulikuja na mvua ya ubavuni, na kwenye mita 1,100 ardhi ikawa nyeupe na mbingu nyeupe, sikuona mpaka baina yake. Nilitaka kutoa tende mfukoni. Vidole vilishika zipu lakini havikuwa na nguvu ya kuivuta. Niliviangalia kama si vyangu. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu hakuuliza kitu. Alivua glavu zangu zilizoloa, akanivika za kwake za akiba, nene, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, akafungua zipu, akanitilia tende mdomoni.

Kiongozi alikuwa ameona. Akatukusanya, tukaupa upepo mgongo, akasema tunageuka. Ndugu mmoja alipinga, kwa haki, kwamba ameisubiri siku hii mwaka mzima na kilele kiko pale. Hakukemewa. Alielezwa upya tulichofundishwa usiku: juu pale ni tambarare, upande wa kaskazini umekatika kuwa majabali, na usipoona mbele, kutoka kileleni unafuata dira nyuzi 231 kwa mita 150, kisha 282. Ukikosea kidogo upande huu ni genge, ukikosea upande ule ni genge. Watu wamekufa hapo. Sasa angalia mikono ya wenzako, akasema, nani atashika dira? Tukageuka, na yule ndugu ndiye aliyeongoza kushuka.

Kushuka ndiko kulikokuwa na mbio. Mawe yameloa, macho yanatazama hatua tatu mbele, mikono imetanuliwa kama mabawa. Ukijizuia unaumiza magoti, ukijiachia kwa kipimo mwili wenyewe unapata njia. Kuna mashindano ya kupanda na kushuka mlima huu kila Septemba, na rekodi ya wanaume ni saa 1, dakika 25 na sekunde 34, ya Kenny Stuart tangu 1984. Baada ya kuyagusa mawe yale kwa unyayo wangu, namba hiyo imenipa heshima ambayo sikuwa nayo.

Malazi yalikuwa safi, vitanda vya dabodeka, maji ya moto tele. Lakini chumba cha kukaushia nguo kilikuwa hakina joto wikendi nzima, na mwenye nyumba alitujibu kwa kuinua mabega tu. Kwa wakimbiaji kumi na wanne waliorowa, hilo si dogo. Jumapili tulivaa viatu vibichi.

Kwa Waislamu wenzangu: niliulizwa mapema kuhusu chakula, na Jumamosi nikapikiwa haggis (chakula cha Scotland ambacho kwa kawaida ni cha matumbo ya kondoo) isiyo na nyama, ya nafaka na dengu, pamoja na viazi vya kuponda. Nililamba sahani. Asubuhi kuna uji mzito unaotiwa chumvi, omba sukari. Mwezi Mei Maghribi inaingia baada ya saa tatu usiku, mbingu bado ina mwanga. Niliitafuta kibla kwa dira ileile niliyofundishwa mchana, nyuzi 118, mlango wa bafu kushoto kwangu. Nilisali nikiwa na furaha ya kujua kitu kwa mkono wangu.

Jumapili ilikuwa nyepesi. Tulikimbia kwenye korongo la Nevis hadi maporomoko ya Steall, maji yanayoanguka mita 120, na waliotaka wakavuka daraja la waya: waya mmoja wa miguu, miwili ya mikono. Nilivuka kwenda na kurudi.

Kama unaweza kukimbia kilomita 15 bila kusimama, nenda. Kabla ya hapo fanya mazoezi ya kushuka, hata kwenye ngazi za jengo, maana pumzi itakutosha lakini mapaja hayatakutosha. Safari ijayo ni Septemba na nimeshalipa amana. Glavu nene za kwangu nimenunua. Zile za yule dada nimezifua, zimekauka, nitamrudishia Jumatano mazoezini.