Mashine ya kurekodi niliyomnunulia Baba asiyesikia: nyota moja, labda tatu

Naanza na duka, maana duka ndilo lililonichafua roho. Mashine ilifuata tu.

Baba yangu hasikii. Alikuwa askari wa mizinga, akastaafu na sikio moja, na hilo moja nalo likamtoka kidogo kidogo mpaka ikawa hata mlango ukigongwa ni mimi wa kumwambia. Macho yake lakini ni ya kijana. Anasoma gazeti hadi matangazo ya vifo, na Kiingereza anakijua kunishinda. Kwa hiyo TV kwake ni maandishi ya chini. Yakiwepo anatazama, yasipokuwepo anatoka nje kuongea na kuku. Kifurushi chetu cha dishi kina chaneli chache za sinema zenye maandishi ya kuwasha na kuzima kwa rimoti. Shida ni kwamba sinema anazozipenda, za farasi na bastola na zile za mahakamani, zinakuja saa tano usiku, na mzee saa tatu amelala kana kwamba bado yuko kambini. Nikajisemea, nitamtafutia mashine ya kurekodi, atazame mchana mimi nikiwa kazini.

Nikaenda naye mjini, maduka ya elektroniki kule jirani na ile paki ya zamani ya teksi. Nisingempeleka kama ningejua. Tulikuwa tunaongea Kiswahili, kama tunavyoongea tangu nizaliwe, maana mtoto wa kambini hana lugha nyingine ya nyumbani. Sasa Kampala, ukifungua mdomo kwa Kiswahili, kuna watu bado wanaona buti na bunduki, lugha ya wanajeshi. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari, lakini kijana wa duka lile alikuwa ameshamaliza shule. Akatupokea kwa "Karibu afande!" ya kejeli, akapiga na saluti.

Nikameza. Nikamweleza ninachotaka: mashine itakayorekodi kutoka kwenye dekoda, na maandishi ya chini yasipotee. Hilo nililirudia mara tatu. Akaleta boksi, akaweka kidole kwenye alama ya herufi CC iliyochapwa pembeni. "Hii hapa madamu, maandishi yake haya. Wewe rekodi tu, utayawasha baadaye unapotazama." Kwenye rimoti kweli palikuwa na kitufe cha CC. Mimi nani nibishe?

Baba akauliza bei. Mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani, kwa hiyo duka zima liliulizwa bei. Kijana akageuka kwangu. "Kwani mzee hasikii?" Nikasema hasikii. Akacheka, akamtazama mwenzake wa kaunta ya pili, akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa, tena mimi nikiwa nimesimama pale: "Sasa TV ya nini? Mnunulie kalenda, naye atazame picha."

Na mwenzake akacheka.

Nililipa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nililipa. Laki mbili na nusu, noti juu ya kaunta, mkono unatetemeka, nikaambiwa asante. Tukiwa tunashuka ngazi Baba akaniuliza, "Yule kijana amesema nini, mbona mlicheka?" Nikamwambia amesema waranti ni miezi sita. Sikuwa nimecheka, lakini yeye aliona meno ya watu akahesabu na yangu.

Usiku huo nikaunga kila kitu kama karatasi ya maelekezo inavyosema, waya wa HDMI kutoka dekoda hadi mashine, mwingine kutoka mashine hadi TV. Nikabonyeza kurekodi. Giza. Saa nzima ya giza ndani ya flashi. Nikahamia waya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, picha ikaingia. Si safi kama ya HDMI, nyuso zina ukungu kidogo, lakini picha ni picha. Nikatega saa tano, nikalala.

Kesho yake, Jumamosi nadhani, Baba alivaa koti. Nani anavaa koti kutazama TV nyumbani kwake? Baba. Nikamwekea chai na karanga, nikawasha. Farasi wakapita. Mtu akafungua mdomo akasema jambo refu, mwingine akamjibu. Chini ya skrini, hakuna kitu. Nikabonyeza CC. Ikaandika kwenye kona kwamba CC imewashwa, ikanyamaza. Nikazima, nikawasha. Baba hakuniambia lolote. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Akaivua tena. Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti ambayo kwake ni ya polepole: "Na macho nayo yameanza?"

Nyota moja. Wakati ule ningeandika nyota moja na matusi.

Nikairudisha dukani. Kijana yuleyule. Unajua alifanya nini ili kunithibitishia kwamba mashine ni nzima? Aliunga kwenye TV ya dukani, akaweka flashi yangu, akapandisha sauti mpaka vioo vya kaunta vikatikisika. "Si unasikia? Sauti iko safi!" Nikamwambia sauti siihitaji, nahitaji maandishi. Akasema maandishi ni ya dekoda, nenda kwa watu wa dekoda. Nikamkumbusha kidole chake kilichoonyesha CC. Akanionyesha risiti, chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia: mali ikishauzwa hairudi. Watu wa dekoda nao nikawapigia, nikaulizwa kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Aliyeniokoa ni fundi wa mtaani kwetu, Mkongomani anayetengeneza redio na simu chini ya mwavuli. Akalitazama boksi, akacheka vingine, cheko la mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. "Hii mashini haiko mubaya, mama. Ni vile munaiunga. Na hii CC si yetu."

Alinieleza huku anachomelea simu ya mtu. CC, yaani maandishi ya chini yaliyofichwa ndani ya picha, ni mambo ya Marekani. Kule sheria ya mwaka 1990 ililazimisha kila TV ya inchi 13 na zaidi iwe na kisomaji cha maandishi ndani yake, kuanzia Julai 1993. Maandishi yenyewe yalisafiri yamejificha kwenye mstari wa 21 wa picha, kule juu ambako jicho halifiki. Kwa hiyo hata ukirekodi kwenye kaseti ya VHS, yanaingia humo pamoja na picha, na siku ukitazama unayawasha. Kitufe cha CC kina maana kwa watu wale. Hapa kwetu picha za zamani zilikuwa za PAL, mfumo mwingine wa TV usio wa Marekani, na sasa tangu tuhamie dijitali mwaka 2015, maandishi yanakuja kama mkondo wake wa pekee pembeni ya picha na sauti. Dekoda ndiyo inayoyasoma na kuyachora juu ya picha. Waya wa HDMI haubebi yale maandishi yaliyojificha, unabeba picha iliyokwisha kuchorwa tu. Kama dekoda haikuchora, mashine yangu ilikuwa inangoja mgeni ambaye hakupanda basi.

Na lile giza la usiku wa kwanza? Hiyo ni kinga ya kunakili iliyomo kwenye HDMI, HDCP. Dekoda ikishaiweka, mashine inapewa weusi mtupu. Waya za rangi tatu hazina kinga hiyo.

Kwa hiyo dawa ilikuwa ya kijinga hadi nikaona haya: washa maandishi kwenye dekoda KABLA ya kurekodi. Yanapikwa ndani ya picha, hayatoki tena milele, na hiyo CC unaweza kuibandika plasta. Nikajaribu dakika tano. Yakaja, meupe, makubwa, yamekaa pale chini kama watoto mstarini. Nilikaa kwenye mkeka nikacheka peke yangu.

Basi nikapandisha nyota nne. Mashine haikuwa na kosa! Nikaanza hata kuisifu kwa majirani. Siku tatu hivi. Halafu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha usiku, nikaingiza tokeni, taa zikawaka, na dekoda ikaamka imesahau kila kitu: maandishi yamezimwa. Mashine ikaendelea kurekodi kwa bidii, sinema nzima, bubu. Sasa kila usiku kabla ya kulala nakwenda kuyakagua kama mtu anayekagua komeo la mlango. Tena filamu ndefu inakatwa vipande, kwa sababu flashi za mpangilio wa FAT32 haziwezi kubeba faili linalozidi GB 4, na kipande cha pili kinajificha mbali na cha kwanza kwenye orodha. Nikashuka nyota mbili.

Shemeji yangu wa Busia ananicheka, anasema ningenunua kile king'amuzi cha antena chenye tundu la flashi kinachorekodi chenyewe. Kweli vile vinanakili mkondo wenyewe unaotoka hewani, na kikiwa kizuri kinabeba na mkondo wa maandishi, ukawasha na kuzima utakavyo hata mwakani. Kikiwa kibaya kinabeba picha na sauti, maandishi kinayaacha njiani bila kukuambia. Chake ni cha aina hiyo ya pili. Tulilichukua faili tukalifungua kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kutazamia video, tukaenda sehemu ya manukuu, ndiyo maandishi yenyewe: patupu. Akanyamaza. Na hata ukipata kizuri, usimruhusu mpwa wako "kupunguza ukubwa" wa faili liwe MP4 la simu, maana programu nyingi za namna hiyo hutupa mkondo wa maandishi kwanza.

Watu wataniuliza mbona Baba asitazame yule mkalimani wa ishara kwenye taarifa ya habari. Ni kweli yupo, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ilidai kila kituo kiweke ishara au maandishi angalau kwenye taarifa moja kuu kwa siku, na uzuri wake ni kwamba kile kisanduku cha kona ni sehemu ya picha, mashine yoyote inakirekodi. Lakini Baba ameacha kusikia uzeeni. Ishara hazijui. Anamtazama yule mama wa kona kwa heshima kubwa na haambulii neno. Na zile sinema za VJ, zinazotafsiriwa kwa sauti ya mtu anayeongea juu ya picha, ndiyo kabisa, zamani alizipenda, siku hizi kibanda cha jirani kikipiga VJ yeye anahisi ukuta unatetemeka tu.

Ukitaka kununua, chukua flashi yako, mlazimishe muuzaji aunge dekoda pale pale, arekodi dakika tano maandishi yakiwa yamewashwa, na dakika tano yakiwa yamezimwa, kisha uyatazame mwenyewe kabla hujatoa hata mia. Akikataa, toka. Akicheka, toka haraka zaidi, usifanye kama mimi.

Juzi tulikuwa tunatazama ya mahakamani. Shahidi yuko kizimbani, Baba amekunja mguu, karanga mkononi. Bila kugeuka akaniuliza: "Yule kijana wa duka alisema nini hasa? Waranti haichekeshi watu wawili." Nikamwandikia kwenye karatasi, maana sikuweza kulisema kwa sauti ambayo angelisikia. Akasoma. Akasoma tena. "Kalenda," akasema. "Ya mwaka gani?" Akaanza kucheka, cheko lile la kambini linalotikisa kiti, nami nikashindwa kujizuia, na tulipokuja kutulia shahidi ameshamaliza ushahidi wake na mtu amepelekwa jela hatujui kwa lipi.

Nikabonyeza kurudisha nyuma. Hii mashine hairudi nyuma kwa sekunde. Inaruka dakika kumi kwa mpigo, kila ukibonyeza. Tulirudi hadi kwenye farasi wa sinema ya jana.

Nyota tatu. Mbili na nusu.