Duka la rangi Mwembe Tayari: nenda hapo kama nyumbani mna mjamzito

Mimi ni fundi rangi, na kazi zangu nyingi ni nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, Kibokoni na Kuze. Dada yangu ana mimba ya miezi mitano, akataka chumba kipakwe upya kabla mtoto hajaja. Milango na madirisha ya nyumba ile yana rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na ya chini kabisa ilipakwa kabla sijazaliwa. Niliingia duka moja dogo Mwembe Tayari, nikaagiza praima (rangi ya kutangulia), glosi ya kijani (rangi ya mafuta inayong'aa) na msasa.

Binti wa kaunta hakukimbilia rafuni. Aliniuliza, "Fundi, unakwenda kukwangua rangi kuukuu? Humo ndani mna mama mjamzito?" Nilipomjibu, aliurudisha msasa mkavu, akanitolea msasa wa maji, karatasi ya nailoni ya kutandika chini na maski ya chujio. "Dada asilale humo mpaka umalize, na asikusaidie kufagia." Kwa maneno hayo tu nalipa duka hili nyota zote.

Maana hatari kubwa ni vumbi. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano na nyekundu iliyokoza, zilitiwa madini ya risasi. Ukizikwangua kavu, unga wake hutua kwenye shuka, kwenye sahani, kwenye vidole. Mama akiuvuta au kuumeza, risasi huingia damuni na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto, wakati ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Mwili hauijui risasi. Huipokea kama kalsiamu. Seli za ubongo huhitaji kalsiamu ili kupashana habari, na risasi ikikaa mahali pake mawasiliano huvurugika. Mtoto anaweza kuzaliwa anaonekana mzima kabisa, halafu darasani akawa mzito wa kushika masomo na mgumu wa kutulia, na madhara hayo hayana dawa ya kuyafuta. Tena risasi hujificha mifupani miaka mingi. Mimba ikija, mifupa humtolea mtoto kalsiamu na risasi ya zamani hutoka nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sisi watu wa Mombasa tumeyaona kwa macho yetu. Mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia hadi kwenye damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido alipambana nacho, kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Baada ya hayo yote, duka la rangi lisilomuuliza mteja chochote naliona halijali watu wake.

Nirudi dukani. Kiwango cha Kenya hakiruhusu risasi kuzidi sehemu 90 kwa milioni ndani ya rangi, na binti yule alinigeuzia kila kopo nisome lebo mwenyewe. Alinishauri kuta nipake rangi ya maji, na glosi niibakishe kwa mbao tu. Ilishika vizuri na harufu haikukaa. Bei imezidi kidogo ya maduka ya jirani, mashine ya kuchanganya rangi hawana, na kijani nilichokitaka sikukipata. Lililonikera ni kopo la nyekundu rafu ya chini, lisilo na neno lolote kuhusu risasi. Nilimwambia mwenye duka, akasema atamuuliza aliyemletea. Mzee, nakuomba kwa heshima: litoe rafuni kwanza, ndipo uulize.

Kazi yenyewe niliifanya kwa kulowesha. Kila ubao niliumwagia maji, nikausugua ungali mbichi, magamba nikayakunja ndani ya nailoni, sakafu nikaipangusa kwa tambara bichi badala ya ufagio. Ovaroli niliivua hukohuko na kuifua peke yake, maana fundi anaweza kulibeba vumbi mpaka kwake. Mafundi wenzangu wenye wake wajawazito, hili msilipuuze hata siku moja. Na dada nimemwambia amweleze mkunga wa kliniki kwamba nyumba ina rangi ya zamani.

Ukienda, wahi asubuhi. Msasa wa maji huisha haraka, na Ijumaa hufunga adhuhuri.