Baiodizeli kwenye mashine yangu ya kusaga: mapipa mawili, matokeo mawili

Januari nilinunua baiodizeli mapipa mawili ya lita 200, iliyotengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Yote yalijazwa siku moja kutoka tangi moja. Nina mashine ya kusaga pembeni ya mji wa Tanga, injini yake ya dizeli ni ya zamani.

Wiki za mwanzo nilifurahi kweli. Moshi mweusi uliokuwa ukiwakera majirani ulipungua, na injini ikawaka bila shida. Ulaji uliongezeka kidogo kuliko dizeli ya kituoni, kwa kuwa lita moja ya baiodizeli ina nishati pungufu.

Pipa la kwanza nililiweka kwenye kibanda cha mabati, nikalifunga koki ya shaba, nikawa nachota kidogo kidogo. Mchana kibanda kile ni tanuri. Usiku kunapoa, na pipa lililopungua huvuta hewa yenye unyevu wa pwani. Masika yalipoingia, mafuta yalikuwa yameiva wekundu, yananuka kama rangi ya ukutani iliyokaa siku nyingi, na chini kuna maji yenye utelezi mweusi. Filta iliziba mara tatu ndani ya wiki moja. Fundi alinionyesha gundi ya kahawia iliyoganda ndani yake, kisha akaigonga ile koki: shaba huharakisha kuchacha kwa baiodizeli, na zinki vilevile. Ule utelezi ni vijidudu, huzaliana pale maji yanapokutana na mafuta.

Pipa la pili lilikuwa stoo ya matofali, kivulini, limejaa hadi juu, halijaguswa. Nililifungua mwishoni mwa Mei roho ikinidunda. Rangi ya asali, harufu ileile ya Januari! Tukaosha tangi, tukaweka filta mpya, nikalitumia lote bila injini kukohoa.

Mafuta yenyewe nayapa nne kati ya tano. Moja nimemkata muuzaji. Pipa halikuandikwa tarehe ya kutengenezwa, na hakuna aliyenieleza kwamba si vizuri kuyaweka zaidi ya miezi sita, wala kwamba mipira ya kawaida huvimba (mrija wangu ulivimba hadi ukavuja). Hata muuza maziwa hukwambia yamekamuliwa lini.

Siku hizi nachukua ya wiki mbili tu, kwenye madumu ya plastiki nzito yaliyojazwa pomoni, na tarehe naandika mwenyewe.