TAHADHARI: "Keji ya rali" inayouzwa Tabora ni bomba la maji lililopigwa rangi

Wakuu, hasa mnaoandaa magari kwa ajili ya rali, na nyie vijana wa Subaru na Altezza: kuna jamaa anazunguka Tabora mjini, na habari zinasema Nzega na Urambo ameshafika, anauza na kufunga anachokiita "keji ya rali yenye kibali cha FIA". Keji ni fremu ya mabomba inayofungwa ndani ya gari ili paa lisikuponde likipinduka, na FIA ni shirikisho la dunia la mbio za magari. Msimpe hela. Ambaye ameshafungiwa asilikimbize gari kabla hajasoma hapa mpaka mwisho.

Mbinu yake ni hii. Mtandaoni anaweka picha safi za keji, lakini zitazameni vizuri: baadhi ya hayo magari usukani uko kushoto. Ukimpigia anataka nusu ya hela kwanza kwa simu, eti mzigo unapanda basi kutoka Dar. Mabomba yanakuja yameshakunjwa, yamepigwa rangi nyeusi ya kung'aa, yana stika ya FIA. Gereji hana. Anakuja kukufungia uani kwako, anatumia umeme wako, anafanya kazi usiku na asubuhi keshaondoka. Risiti yake ni karatasi ya daftari. Ukiomba ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ghafla anapata msiba.

Nimeyajua haya baada ya Impreza moja kuletwa gereji tunakofanyia kazi, mwenyewe akilalamika kwamba ikipita kwenye rasta inagonga chini ya siti ya dereva. Alikuwa anaiandaa kwa ajili ya mbio za Iringa. Tulipofunua kapeti tukakuta mguu wa keji umechomelewa moja kwa moja kwenye bati la sakafu, na bati limeanza kuchanika pembeni ya mchomo. Kwa ruhusa ya mwenye gari tukakata kipande. Ndani kuna mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukuta wa bomba kwa venia (kifaa cha kupimia unene) ulisoma milimita 1.2. Hilo ni bomba la fanicha au la maji, la kutengenezea vitanda vya chuma.

Sasa kanuni inasemaje. FIA wana Kiambatisho J, kifungu cha 253, ndicho kinachozungumzia keji. Kama unajitengenezea mwenyewe, chuma kinatakiwa kiwe cha kaboni, kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono, chenye nguvu ya kuhimili kuvutwa bila kukatika isiyopungua MPa (megapaskali) 350. Upinde mkuu, ule unaokaa nyuma ya siti za mbele, ni bomba la milimita 45 lenye ukuta wa 2.5, au 50 lenye ukuta wa 2.0. Sehemu nyingine ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kukunja ni kwa baridi, kwa mashine, na kona isiwe kali: nusu kipenyo cha kona kwenye mstari wa katikati isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Za jamaa zimepashwa moto zikakunjwa, na kwa ndani ya kona zina makunyanzi kama kiwiko cha shati. Bomba lenye kunyanzi limeshaonyesha litakapovunjika.

Kuhusu stika, msihangaike nayo. Keji iliyothibitishwa huja na cheti chake na kitambulisho cha mtengenezaji kilichochongwa au kubandikwa kwa namna ambayo ukikibandua kinaharibika. Tena huthibitishwa kwa aina fulani ya gari. Huyu keji yake moja "inaingia" Impreza, Altezza na hata IST. Hapo hata bila venia ulitakiwa ushtuke.

Ukimuuliza mbona nyepesi, ana jibu: "Hii ni kroma-moli, chuma cha kisasa." Kroma-moli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, ipo kweli. Lakini nayo ni chuma, na kwa ujazo uleule uzito wake ni uleule. Keji yake ni nyepesi kwa sababu ukuta wa bomba ni mwembamba, na keji ya kujitengenezea haitakiwi kuwa na ukuta mwembamba hivyo, iwe kroma-moli au isiwe.

Kwa hiyo kabla hajafunga, pima. Huna venia? Nenda sokoni, mizani ya nafaka inatosha. Bomba la 45 kwa 2.5 lina uzito wa kilo 2.6 hivi kwa kila mita moja. La 38 kwa 2.5 ni karibu kilo 2.2. Hilo la kwake halikufika hata kilo moja na nusu kwa mita. Pima urefu kwa futi kamba upate mita, weka kwenye mizani, gawanya kilo kwa mita. Muuzaji wa kweli atakusaidia kunyanyua. Halafu mulika tochi ndani ya bomba kwenye ncha: ukiona mstari au tuta linalokwenda na urefu wake, huo ni mshono. Mstari usipoonekana usifurahi haraka, viwanda vingine huuparua, ndiyo maana uzito na venia lazima viende pamoja. Na kama keji imeshafungwa, ziko klabu za mbio Marekani zinazotaka kabisa liwepo tundu dogo la ukaguzi, la karibu milimita 5, mahali pasipobeba mzigo mkubwa, ili unene upimwe. Mwambie fundi akutobolee.

Ila hata ukipata bomba zuri, ufungaji ndio unaoua, na hapa jamaa ni hatari zaidi. Bati la sakafu la magari yetu haya halifiki unene wa milimita moja. Gari likipinduka, uzito wote unashukia kwenye miguu ya keji. Mguu uliosimama kwenye bati tupu unatoboa sakafu na kutokea chini, paa linashuka, na wewe uko katikati. Ndiyo maana kanuni inataka kila mguu wa upinde mkuu na wa upinde wa mbele, ule wa kwenye kioo cha mbele, uwe na pleti ya kuimarisha isiyopungua unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, imechomelewa kwenye bodi. Juu yake unakaa mguu wenye pleti yake, wa kufungwa kwa bolti angalau tatu za M8 (unene wa milimita 8), daraja la nguvu 8.8. Namba hiyo imeandikwa kwenye kichwa cha bolti, isome. Nati ziwe za kujikaza au ziwe na washa za kuzuia kulegea. Mikono ya nyuma inayoshuka kwenye matao ya matairi inaruhusiwa bolti mbili, na pleti ya sentimita za mraba 60. Jumla miguu haipungui sita. Impreza ile ilikuwa na minne. Miwili ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa skrubu za bati, zile za kuezekea.

Na michomo. Mchomo unatakiwa uzunguke bomba lote. Tatizo ni kule juu, bomba linapokaribiana na paa, mkono na kijiti cha kuchomelea havipiti. Mafundi wanaojua hutoboa sakafu chini ya miguu, wanaishusha keji nzima ili wapate nafasi juu, wanachomelea mzunguko wote, kisha wanainyanyua na kuweka pleti. Huyu anachomelea upande unaoonekana tu. Ingiza simu yako kati ya bomba na paa, washa taa, rekodi video. Ukikuta upande wa juu haujaguswa, umeliwa. Ule unaoonekana nao kwangua rangi kidogo kwa bisibisi: kwenye gari la mteja wetu nukta za mchomo zilikuwa nne tano tu, kwingine kote bodi fila (putty ya gari) iliyopigwa msasa ikapakwa rangi.

Kuna wanaofunga hii kitu kwenye gari la mjini ili lipendeze. Nawaomba sana. Dereva wa mbio amevaa helmeti, amefungwa mikanda ya mabegani, na bomba lililo karibu na kichwa limevikwa sponji ngumu maalumu. Wewe una mkanda wa kawaida na kichwa kitupu. Ajali ndogo tu ya pale mzunguko, kichwa kinakutana na chuma. Na sponji la godoro alilofungia huyu jamaa halizuii kitu.

Aliyeibiwa aende kituoni afungue jalada, apewe RB (namba ya taarifa yake polisi), abebe muamala wa simu, picha za tangazo na ile karatasi ya daftari. Meseji zake za kitapeli zitumeni 15040. Msikate keji yote na kuuza skrepa kwanza, bakisheni vipande, ni ushahidi. Mteja wetu kalipa milioni moja na laki nane, na sasa kuna gharama ya kurudishia sakafu.

Namba zake sitaziandika hapa. Anabadilisha kila mara, na laini yenyewe inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la bibi wa watu asiyejua lolote. Polisi wanazo. Mwenye taarifa za mahali anapochukulia hayo mabomba aseme hapo chini, maana yupo mtu anayemkunjia, na huyo hajatajwa bado.