Uzoefu wangu na kadi za mpira: hobi boksi, blasta, mkebe na pakiti za mojamoja, ipi inamfaa mtu wa Kampala

Picha ya mbele isikudanganye. Kampuni za kadi kama Topps au Panini wanachapa seti moja ya msimu mmoja, Haaland yuleyule amekaa mbele, alafu wanaiuza kwa vifungashio vitano sita na kila kimoja kina kadi ambazo kingine hakina. Mimi nakusanya za mpira wa miguu na za NBA kidogo kwa sababu ya mpwa wangu, na hapa Kampala karibu kila aina nimeshaichana, kwahiyo nasema niliyoyaona kwa macho.

Ninayoikubali zaidi ni hobi boksi, ile inayouzwa na maduka ya wakusanyaji wenyewe sio supamaketi. Bei inauma, tena ukiongeza kilo za kusafirisha na ushuru wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unaweza kukaa kimya kidogo kabla ya kutuma mobile money. Lakini unalipia ahadi. Seti ya Prizm ya NBA kwa mfano, Panini kwa miaka kadhaa walikua wanaweka pakiti 12 za kadi 12 kila moja, na saini mbili, yaani kadi mbili zilizosainiwa na wachezaji, kwa boksi kwa wastani. Hapo kwenye "kwa wastani" soma mara mbili. Na saini sio lazima iwe ya staa, mara nyingi unatoa saini ya jamaa wa benchi ambaye hata mashabiki wa timu yake hawamjui, na boksi limetimiza ahadi yake, huna pa kulalamika.

Blasta ni lile boksi dogo la rejareja, huko Marekani yanakaa kwenye rafu za Walmart na Target. Ndio hizo zilizoleta fujo 2021 mpaka Target wakasimamisha kwa muda kuuza kadi ndani ya maduka yao baada ya watu kupigana kwenye paking. Saini ndani yake ni bahati nasibu tu kabisa, ila kuna kadi za rangi, yaani kadi ileile iliyochapwa kwa rangi tofauti, ambazo zinatoka kwenye blasta peke yake na hobi hazimo, sasa kama unatafuta rangi hiyo hobi boksi hata ukinunua kumi haitakusaidia. Kwa mtoto blasta inatosha sana, pakiti za kuchana zipo, bei mtu anavumilia, na likiwa bado limefungwa nailoni ya kiwandani unajua hakuna aliyetangulia. Panini mara nyingi wanachapa jina lao kwenye nailoni yenyewe, litafute. Nailoni nyeupe tupu iliyolegea kwenye kona, mi narudisha.

Sasa tuje kwenye pakiti za mojamoja, manake ndio zimejaa mjini. Kuna duka moja kwenye mall, sitalitaja, pakiti wameziweka kwenye kikapu karibu na kaunta. Nikamuuliza kijana, hizi zimetoka kwenye boksi gani? Akasema, "Bosi, zote ni sawa tu, wewe chagua." Hapana ndugu yangu, sio sawa. Kama pakiti zimetoka kwenye hobi boksi yenye saini moja ya uhakika, na mtu alishachana nusu na saini ikatoka, zile zilizobaki kwenye kikapu zimebaki na nini? Muuzaji anajua, wewe hujui. Za rejareja hazina hiyo ahadi kwahiyo kidogo afadhali, lakini hata hizo watu wanazipapasa. Kadi yenye kipande cha jezi ni nene, ukiibana pakiti katikati kwa vidole viwili unaisikia ngumu, na wengine wanapima kwa mizani ndogo kama ya wauza dhahabu. Kuna wakati kampuni zilikua zinatia kadi nene tupu isiyo na kitu ili kuwachanganya hao wapapasaji, nilicheka sana nilipoikuta ya kwanza, mpwa wangu akasema "Anko, wamesahau kuchapa".

Na zile namba nyuma ya pakiti, 1:24 na kadhalika, maana yake ni kwamba kwenye mzigo wote uliochapwa kadi hiyo inapatikana wastani mara moja kwa kila pakiti 24. Sio kwamba ukinunua 24 umeshaipata. Unaweza kununua 40 ukatoka kapa na jirani yako akachana moja tu akaitoa.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye hivo vikapu ni msimu. Leseni ya kadi za Premier League ilikua ya Topps na mfululizo wao wa Match Attax, kuanzia 2019/20 ikaenda Panini na mfululizo wao wa Adrenalyn XL, na 2025/26 imerudi Topps. Kwahiyo ukiuziwa Match Attax ya Premier League ya zamani kama mzigo mpya, na bei mpya, angalia mwaka kwenye karatasi kabla hujatoa pesa. Ile duka walikua na za misimu miwili nyuma bila kusema lolote. (Match Attax za Champions League ni habari nyingine, hizo ziliendelea muda wote.)

Mikebe ya bati sina mengi ya kusema. Inapendeza, mtoto anabaki na kopo la kuwekea kadi, na ile kadi maalum ya ndani mara nyingi unaijua kabla ya kununua. Ila bati lina uzito na anayekuletea kutoka Uingereza anakutoza kwa kilo, unajikuta umelipia nauli ya chuma.

Alafu kuna breki, ambapo mtu yuko laivu anachana maboksi na nyinyi mmenunua nafasi kwa timu, kadi za timu yako zikitoka ni zako. Timu yenye chipukizi anayetafutwa nafasi yake ni ghali, timu ndogo unaipata kwa bei ya rolex (chapati ya mayai) na soda. Uzuri ni kwamba humlipii mtu kilo za boksi zima, kadi zako tatu zinakuja kwenye bahasha. Ubaya, timu yako inaweza isitoke hata kadi moja na pesa hairudi, na lazima umwamini anayechana kwamba boksi lilikua zima, mwambie aoneshe nailoni kwenye kamera kabla ya kuikata.

Kama unamtaka mchezaji fulani tu, yaani unajua kabisa ni Saka na ni kadi ipi, achana na maboksi yote nunua kadi yenyewe. Inakuja kwenye plastiki ngumu, uzito wake ni kama hakuna, na mara nyingi inakugharimu kidogo kuliko pakiti za kubahatisha za wikendi moja. Mimi za Arsenal sasa nanunua hivo, blasta nimeacha ziwe za sikukuu na za mpwa wangu akifaulu mtihani, na hobi boksi tunachanga watu wanne tunagawana kwa timu, mwenye Arsenal akilipa zaidi kidogo kuliko wengine, ambaye ni mimi.