Gemu za kusoma nilizocheza dukani: uzoefu wangu

Nina stationari ndogo hapa Moshi, jirani na stendi, na kazi yenyewe huja kwa mafungu. Mteja mmoja anataka kopi ya NIDA, nusu saa hapiti mtu, halafu wanaingia wanachuo kwa mpigo, kila mmoja na flashi yake. Gemu za mpira na za kupigana haziwezekani hapo, maana ukiinua kichwa tu umeshafungwa. Nikahamia kwenye gemu za hadithi, zile unazosoma na kuchagua mwenyewe kifuatacho, pamoja na vigemu vyepesi vya kupotezea muda.

Iliyonikamata kuliko zote ni Lifeline, iliyotoka 2015. Haina picha za maana. Ni kama unachati. Anayekuandikia ni Taylor, mwanafunzi ambaye chombo chao cha anga kimeanguka kwenye mwezi wa mbali huko, na mtu pekee anayempata hewani ni wewe. Anakueleza hali ilivyo, unapewa majibu mawili, unachagua moja. Utamu wake uko kwenye kusubiri. Taylor akisema anatembea saa nzima, basi kweli anapotea saa nzima. Unaweka simu chini, unatoa kopi, unalaminati vyeti vya watu, mara mlio: amefika, na alichokikuta hakimpendezi.

Kuna usiku anakaribia kuganda kwa baridi. Anafikiria kulala karibu na mtambo wa nyuklia wa chombo, lakini kipimo cha mionzi kinasoma rad 150, na anakuuliza wewe kama kiasi hicho kinaua. Gemu haikusaidii kujibu. Bahati nzuri dukani alikuwapo dada mmoja anayesomea udaktari, amekuja kuprinti ripoti yake, nikamuuliza.

"Atatapika, ila si rahisi kufa," akasema, kisha akanikazia macho. "Kwani kaka, huyo mgonjwa yuko wapi? Mmeshampeleka hospitali?"

Nikamwambia yuko mwezini. Alilipa, akachukua karatasi zake, akaondoka bila kuaga.

Kasoro zake zipo. Taylor ana utani mwingi mno kwa mtu aliye hatarini, na mara nyingine majibu yote mawili yanakupeleka palepale. Ukishafika mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni kifo, unaruhusiwa kurudi nyuma na hata kuondoa ule muda wa kusubiri. Usiuondoe. Nilijaribu, ikabaki hadithi fupi ya kawaida tu.

A Dark Room ya Michael Townsend, ya 2013, unaicheza bure kwenye brauza. Unaanza na chumba chenye giza na baridi, na kitu pekee unachoweza kubonyeza ni kuwasha moto. Unachochea, unachochea tena, anaingia mgeni amechakaa na kuanguka kwenye kona. Kumbe ni fundi. Baadaye kuna kuni, mitego, vibanda, watu wanahamia, na wewe ambaye ulikuwa na moto tu sasa unagawa kazi. Mbele zaidi inafunguka ramani iliyochorwa kwa herufi na alama tupu, na humo ukiishiwa maji mbali na nyumbani, umekwisha na mzigo wako wote. Kiingereza chake ni kifupi, ndiyo maana naipendekeza kwa anayeanza. 80 Days nayo ni nzuri, ya safari ya kuzunguka dunia mwaka 1872, unanunua bidhaa mji huu na kuuza mwingine, lakini Kiingereza chake ni kizito na dukani sikufika mbali nayo.

Vile vigemu vya kupanga mipira ya rangi sina la kusema, vyote ni kimoja. Tangazo kila hatua, bando linaisha hujui limekwenda wapi. Zima data kabla hujafungua.

Chepesi kilichonikosha ni Mini Motorways, kwa sababu mojawapo ya miji yake ni Dar es Salaam. Unachora barabara kutoka nyumba za rangi fulani hadi majengo ya rangi hiyohiyo, kila wiki unaongezewa vifaa, labda daraja, labda taa, labda keepilefti, na foleni ikizidi hadi jengo moja likakosa magari, mchezo umekwisha. Nilicheka sana. Dar isiyo na bodaboda, isiyo na daladala inayosimama katikati ya barabara kwa sababu mama mmoja amepunga mkono, na bado ilinishinda! Foleni yangu ilianzia darajani, nikaongeza keepilefti, ikawa mbaya zaidi. Mimi naichezea kwenye kompyuta ya dukani. iPhone ipo pia kwa anayelipia Apple Arcade, huduma ya gemu ya Apple, ila mwenye Android hana chake hapa.