Skopu smati ya bunduki kwa nguruwe pori wa Texas: nani anunue, nani aachane nayo

Wakuu habari zenu. Kuna watu kwenye magrupu yetu ya wabongo wa huku wamekua wakiniulizia hizi skopu smati, yani darubini za kulengea zile za kidijitali zinazofungwa juu ya bunduki, zinarekodi video, zinapiga mahesabu ya risasi zenyewe na usiku zinaona. Nimeshaitumia yangu ya kutosha, kwaiyo naandika hapa mara moja ili nisirudie kwenye voisi noti. Jibu fupi kwa wasiopenda kusoma: kama unawinda nguruwe pori usiku, chukua, hautajuta. Kama wewe ni mtu wa swala mchana, achana nayo, iyo hela kanunulie skopu ya kawaida yenye kioo kizuri.

Jina la kampuni siweki. Ninayoyalalamikia yapo karibu kwenye skopu zote za daraja hili, zile za kama dola 700, na sitaki mashabiki wa brandi waje kunitukania wazazi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Skopu ya kawaida ni vioo tu, mwanga unaingia mbele unatoka nyuma unafika jichoni. Hii siyo ivo. Mbele ina lenzi, ndani kuna sensa ya kamera, nyuma kuna kiskrini kidogo ndo unachokichungulia, yani unachokiona ni video ya nguruwe, siyo nguruwe mwenyewe. Ukishalielewa ilo, uzuri wake wote na ubaya wake wote umeuelewa.

Texas nguruwe pori ni janga la kweli. Wanakadiriwa kupita milioni 2 jimbo zima, wakiingia shambani usiku asubuhi mwenye shamba anakuta pamefukuliwa kama trekta limepita, ndo maana wenye ranchi wengine wanafurahi tu ukiomba kuja kuwapunguza. Tangu Septemba 1, 2019 hauhitaji hata leseni ya kuwinda kwa nguruwe pori ukiwa kwenye ardhi binafsi na mwenyewe amekuruhusu, na usiku ni ruksa. Swala wa mkia mweupe yeye ana masaa yake, nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, nje ya hapo ni kesi na hamna askari wa wanyamapori atakaejali skopu yako ina megapikseli ngapi.

Haya, tuanze na kilichonifanya niipende, kuzero, yani kuirekebisha skopu mpaka risasi itue palepale unapolenga. Wanaowinda wanajua usumbufu wake, unapiga, unaenda kuangalia karatasi, unahesabu kliki za kitasa cha skopu, robo inchi kila kliki kwa yadi 100, unazungusha, unapiga tena, boksi la risasi linaisha na risasi siku hizi siyo bei ya karanga. Hii unaweka karatasi yadi 100, bunduki imelala kwenye mifuko ya mchanga, unalenga katikati unapiga moja, tuseme imetoboa juu kulia. Sasa hapo unaishikilia bunduki msalaba wa kulengea ubaki palepale katikati ulipolenga, unaingia kwenye menyu, unatokea msalaba mwingine mdogo, unausogeza kwa vitufe taratiiibu mpaka unakaa juu ya lile tundu, unasevu. Kwisha. Unapiga zingine mbili tatu za kuhakikisha na zinakaa pamoja kwenye duara la sarafu. Afu inatunza profaili, kwaiyo bunduki yangu ya kaliba .308 ina yake na ile ndogo ya .22 ina yake, ingawa ukiihamisha toka bunduki moja kwenda nyingine bado lazima upige za kuhakiki, vile vibanio vya kuifungia havirudi palepale hata uviombee dua.

Video nazo ziko poa. Inajirekodi yenyewe ikisikia teke la bunduki na inasevu mpaka sekunde kadhaa za kabla ya mlio, kwaiyo hauna haja ya kukumbuka kubonyeza chochote. Watu wanadhani ni ya kujionyesha TikTok ila faida yake ni nyingine kabisa, usiku ukishapiga mnyama akakimbilia vichakani, unarudisha video unaona risasi imempata bega au imempata tumbo na ameelekea upande gani, ndo unaamua kama umfate saa hiyo au usubiri. Nguruwe dume aliejeruhiwa kwenye majani marefu gizani siyo wa kuendea kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye huo usmati wenyewe, ndo mahali hela yako nyingi inapoenda na ndo mahali mimi siupi maksi nyingi. Kuna kikokotoo ndani, unakijazia kaliba, uzito wa risasi, kasi yake, urefu toka katikati ya mtutu mpaka katikati ya skopu, hali ya hewa, na ukikipa umbali kinausogeza msalaba chenyewe. Kinafanya kazi, siwezi kukisingizia. Chukua .308 ya risasi ya greni 168 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) uliyoizero yadi 100, ikifika yadi 200 imeshashuka karibu inchi 4 na ikifika 300 imeshuka inchi 14 au 15, kwaiyo bila hesabu unampiga mnyama mguu au unapiga udongo. Nikilenga mabamba ya chuma mbali mahesabu yake yanakubali.

Ila nguruwe umbali huo tunampigia wapi jamani? Kwenye fida, lile pipa linalomwaga mahindi kwa taima, kibanda tunachojifichia kiko yadi 60, 80, mia ikizidi sana. Umbali huo risasi inaenda palepale ulipolenga na kikokotoo kimelala usingizi. Na ukienda mbali kweli, umbali inabidi upimwe na kitu kingine, renjifainda ya kununua pembeni inayoongea na skopu kwa bluutuu, hela nyingine hiyo na betri nyingine. Na upepo hakipimi. Upepo wa maili 10 kwa saa wa pembeni unaisukuma risasi hiyohiyo karibu inchi 7 ikifika yadi 300, na huo unaukadiria wewe kwa kuangalia majani yanavyolala, kama alivyokadiria babu yako na gobole lake. Kwaiyo anaekwambia ukishakua nayo hii haukosi, huyo anauza.

Tuongelee jicho sasa. Usiku unawasha taa yake ya infraredi, kimulimuli fulani kinafungwa pembeni, macho yetu hayaioni ile mwanga ila sensa inaiona. Picha inakua nyeusi na nyeupe, nguruwe macho yanawaka kama vipande vya kioo, na mpaka yadi 100 hivi naona masikio, naona pua, naona kama ana watoto nyuma yake. Na hapa inaizidi skopu ya joto ya bei rahisi, ile inayoona joto la mwili wa mnyama. Ile ya joto inakuonyesha donge jeupe mbali sana, ni balaa kwa kutafuta mnyama, lakini hizi za bei ya chini donge likiwa mbali ni donge tu, na kwenye ranchi yenye ndama na mbwa donge halitoshi kufyatulia. Wengi huku wanatafuta kwa kimonokula cha joto cha mkononi, yani kidarubini cha jicho moja, wakishampata ndo wanahamia kwenye skopu ya dijitali kuhakikisha ni nani yule. Mimi naona ndo mpango sahihi kama mfuko unaruhusu.

Ubaya wa infraredi ni majani. Likisimama jani moja mbele ya lenzi, au ukungu ushuke, au vumbi la gari lililopita, mwanga unagonga pale unarudi na skrini yote inakua nyeupe, nguruwe anakula kwa raha zake hatua themanini na wewe unaangalia jani. Kaa juu, au kata majani mchana. Taa zipo za nanomita 850 na 940, ile 850 inafika mbali zaidi ila kwenye taa yenyewe kunaonekana kanukta kekundu hafifu ukiwa unaiangalia, 940 haionekani lakini inaona karibu. Kwa nguruwe 850 inatosha.

Mchana sasa, mh. Wanaandika 4K kwenye boksi mpaka macho yanauma, ila unachungulia kiskrini ambacho siyo 4K, na ukizumu ni zumu ya kidijitali, inavuta pikseli tu. Alfajiri ndo inakera zaidi, ile dakika swala anatoka msituni, mwanga mdogo, kioo kizuri cha dola 400 kinakuonyesha pembe moja moja na hii inakuonyesha chengachenga. Na ukiizungusha haraka kumfata mnyama anaekimbia picha inachelewa kidogo, kidogo sana, lakini mnyama anaekimbia hakusubiri. Kuwaka pia siyo papo hapo, na ukisahau kuigusa inaenda kulala, kwaiyo mnyama akitokea ghafla unashika bunduki unakuta giza. Skopu ya kioo haijawahi kulala hata siku moja.

Uzito karibu kilo nzima, mara mbili ya skopu niliyoitoa. Kwenye kibanda haina shida, kwa kutembea mlimani utaisikia begani. Betri ya ndani wanasema masaa 18, hiyo ni kama umeiwasha tu ukaiangalia, ukiweka wai-fai na kurekodi na baridi ya Januari juu huku inashuka vibaya, beba pawabanki. Taa ya infraredi ina betri yake, kumbuka kuichaji na yenyewe. Vitufe vinabonyezeka hata ukiwa na glavu, hilo nawapa hongera. Apu ya simu ndo kichefuchefu, inajikata, na baada ya apdeti moja profaili zangu zote zilifutika nikaanza upya, nikawaandikia huduma kwa wateja majibu yakaja baada ya muda mrefu na yalikua ya kukopi na kupesti. Toka hapo zero zangu naziandika kwenye daftari na msimu wa uwindaji siweki apdeti yoyote.

Halafu wai-fai ya skopu izimeni kama hamuitumii. Kuna kampuni ya hapahapa Texas iliitwa TrackingPoint, mwaka 2013 walitoa bunduki nzima smati ya zaidi ya dola 20,000, unamtia alama mnyama, unavuta traiga na kompyuta inasubiri mpaka mtutu ukae sawa ndo inaachia. Mwaka 2015 watafiti wa usalama, Runa Sandvik na mumewe Michael Auger, wakaonyesha kwamba kupitia wai-fai wanaweza kuichezea ile hesabu mpaka risasi iende kwenye shabaha nyingine kabisa. Kuifyatua hawakuweza, traiga inahitaji kidole cha mtu, ila fikiria tu. Za daraja letu hazishiki traiga, lakini ni redio juu ya bunduki na mimi sipendi redio isiyo na kazi. Kama yako ina GPS izime pia kabla haujatuma video kwenye grupu, mwenye ranchi hataki kila mtu ajue nguruwe wake wako wapi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile za kioo zenye akili ndani, mfano Burris Eliminator, Sig Sauer za BDX au Swarovski dS. Hizo ni familia nyingine, unaona kwa kioo halisi na elektroniki inakuwekea tu nukta ya kulengea, Eliminator na dS zinapima umbali zenyewe kwa leza. Kwa mtu wa swala wa mbali huo ndo usmati wenye maana. Ila usiku hazioni, na Swarovski bei yake inapita dola 4,000, bunduki mbili nzuri na nauli ya Dar juu. Hata jeshi la Marekani lilipochagua ya kwao mwaka 2022, ile XM157 ya Vortex, walikwenda njia hiyohiyo ya kioo chenye kompyuta. Na kabla haujanunua yoyote soma sheria za jimbo unakoenda, Idaho kwa mfano wanyama wakubwa hawaruhusu elektroniki kwenye bunduki au skopu zaidi ya msalaba wa kuwaka taa.

Kwa wale wa Bongo mnaotaka niwatumie kwenye begi la mtu, hapana wakuu. Skopu za bunduki kutoka Marekani kwenda nje zina vibali vyake vya serikali, siyo kama kutuma ayfoni. Na hata ikifika, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaweka kuwinda usiku na kwa taa kwenye njia zilizokatazwa, sasa utaitumia wapi? Kenya ndo kabisa, uwindaji wa michezo ulifungwa toka 1977. Wawindaji wa safari wa Bongo wanaotembea na bunduki kubwa ya .375 kwa ajili ya nyati nawashauri hata wasijaribu, nafasi ya jicho, yani umbali kati ya jicho na skopu, kwenye hizi ni ndogo, sentimita 9 hivi, teke la bunduki kubwa litakuachia alama ya nusu mwezi juu ya nyusi.

Maksi zangu ni 8 kwa 10 usiku, 4 kwa 10 mchana. Ukikuta iliyotumika chini ya dola 400 na unawinda nguruwe tu, chukua, ila kabla haujatoa hela iwashe uelekeze ukutani uangalie kama kuna nukta zilizokufa kwenye skrini, chomeka chaja utikise waya kidogo uone kama tundu limelegea, na mwambie muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, siyo aseme ataiondoa akifika nyumbani.